Fuata maji: jibu kwa mchoraji wa Umoja

Swali: "Mwalimu, salamu. Mimi ni mchoraji, naishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na kazi zangu nyingi ni za mitaa: matatu, vibanda, akina mama wa soko. Mwaka jana nilienda Samburu na kikundi cha kanisa nikaona waridi la jangwa limechanua juu ya mawe makavu, halina hata jani moja. Tangu siku hiyo sina hamu ya kuchora kitu kingine. Shida ni kwamba kila nikichora mimea ya ukame, picha inatoka kama kadi ya posta ya watalii. Rangi ya kijani ndiyo inanishinda kabisa. Nauli ya kwenda Kaskazini kila mara sina. Je, mtu anaweza kuwa mchoraji wa mimea ya jangwani akiwa anaishi Nairobi? Nianzie wapi?"

Dada yangu, anaweza. Njia nitakuonyesha, lakini kwanza tuizungumzie hiyo kadi ya posta, maana ukijua inakotoka utakuwa umefika nusu ya safari.

Kadi ya posta huzaliwa pale mchoraji anapochora umbo la mmea bila kujua limeumbwa na nini. Anajua mgunga una kichwa bapa, basi anaweka kichwa bapa, jua jekundu nyuma, twiga pembeni, kazi imekwisha. Hajajiuliza kwa nini matawi ya chini yamekatika kwa mstari ulionyooka vile. (Ni mbuzi, ngamia na twiga, wamekula mpaka shingo zilipogota.) Hajajiuliza kwa nini majani ni madogo kiasi kile, wala kwa nini tawi moja lina miiba mirefu myeupe iliyonyooka na papo hapo miiba mifupi iliyopinda. Kwa kuwa hana swali, mkono wake hauna pa kwenda ila kule mikono mingine ilikokwisha kupita.

Kwenye nchi kavu kila sehemu ya mmea ina deni kwa maji. Jani ni mahali pa kuyapoteza, unene ni akiba, mwiba ni ulinzi wa akiba hiyo. Ukichora huku ukijiuliza maji yanaingilia wapi, yanakaa wapi na nani anayataka, mstari wako unapata sababu ya kuwa pale ulipo. Hilo ndilo jambo langu kwako, na yote yatakayofuata yanatokana nalo.

Tuanze na huo mmea uliokuteka. Waridi la jangwa, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum, ni la ukoo mmoja na oleanda zinazopandwa kwenye bustani za mji. Ule uvimbe wa shina chini ndipo maji yanapohifadhiwa. Kiangazi kikikaza mmea hupukutisha majani ili usipoteze kitu, kisha unachanua kwa akiba uliyo nayo. Ndiyo maana ulilikuta na maua bila jani. Na utomvu wake ni sumu kali. Wawindaji wa jamii kadhaa za Afrika walikuwa wakiupaka kwenye mishale. Kwa hiyo kile ulichokiona juu ya mawe ya Samburu kilikuwa ghala la maji, lililofungwa kwa sumu, likitumia sehemu ya mali yake kuita wadudu. Jaribu kuchora hilo.

Karibu kila mwanafunzi niliyemwona akilichora huanza na ua, kwa sababu rangi ya pinki inavuta jicho kabla ya kitu kingine. Wewe anza na shina. Tazama jinsi lilivyojibana kwenye ufa wa jiwe, likanenepa kwa kufuata nafasi liliyopewa, mpaka mahali pengine huwezi kusema jiwe limeishia wapi na mmea umeanzia wapi. Chora jiwe na shina kwa mstari mmoja usioinua penseli. Tumia muda wako mwingi hapo. Matawi ni membamba ukilinganisha na shina, na yanatoka ghafla; yasinenepeshwe ili kupendeza. Maua yaje mwisho, na yawe machache kuliko unavyotaka. Utaona picha nzima inasimama juu ya uzito wa chini, na hapo ndipo ua litakapokuwa na maana.

Chukua mmea wa pili, yuforbia kubwa, ule mti usio na majani unaoinua matawi yake yote kuelekea juu, uliojaa Bonde la Ufa na hata kwenye mabonde yenye mawe ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Tawi lake si mviringo. Lina pembe tatu, nne au tano, na kati ya pembe hizo ngozi inazama au inajaa kulingana na mvua. Masika yakipita vizuri, tawi linatuna na mistari yake inapinda kwa nje. Kiangazi kikirefuka, pembe zinachongoka na katikati panabonyea, kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Tena tawi limebanwa mahali mahali, na kila kibano ni pale ukuaji uliposimama. Mchoraji wa kadi ya posta huchora vibomba laini vilivyonyooka. Ukichora mbavu na vibano umechora misimu ambayo mti umepitia, na mtu wa Kajiado akiitazama picha yako atajua kama umeichora Mei au Septemba. Ningependa uchague yuforbia moja tu, uichore tawi lile lile kila mwezi kwa mwaka mzima, kwenye karatasi za ukubwa mmoja. Halafu uzipange ukutani kwa pamoja.

Mshubiri nao una hesabu yake. Majani yake yamekunjwa katikati na kuelekezwa ndani, hivyo hata mvua ya manyunyu inateremka kuelekea kwenye shina na mizizi. Yanatoka kwa mzunguko, kila jani jipya likijitenga na lililotangulia kwa nyuzi zinazokaribia 137, na kwa mpangilio huo majani hayafunikani jua. Usichore jani moja moja kuanzia nje. Tafuta kitovu kwanza, weka jani changa kabisa, kisha zunguka ukitoka nje kwa kufuata umri. Ukikosea pembe ya jani la tatu, mshubiri wako utaonekana umekaa vibaya hata kama mtazamaji hawezi kusema kwa nini. Na usisahau kwamba mshubiri ulioteseka na jua hubadilika rangi. Majani yanaingia wekundu na kahawia. Wachoraji wengi huyarudisha kwenye kijani kwa mazoea, na hapo wanafuta habari nzuri kuliko zote zilizokuwa mbele yao.

Kuna jambo la usiku pia ambalo wachoraji wengi hawalijui. Mimea ya aina hii, mshubiri, yuforbia nene na ule mkonge wa porini wenye majani magumu yaliyosimama wima, hufunga vitundu vyake vya kupumulia mchana ili maji yasitoroke. Usiku kunapopoa ndipo inapovifungua, ikavuta hewa, ikaihifadhi kama asidi ndani ya mwili, na kulipokucha ikaitumia pamoja na mwanga wa jua. Yaani saa za kazi yake ya kuvuta hewa ni zile ambazo sisi tumelala. Sijaona wachoraji wengi wa kwetu waliochora nyika kavu usiku, mbalamwezi ikiwa juu, mmea ukiwa kazini. Eneo hilo liko wazi, na wewe uliyezoea kuchora vibanda vyenye taa za usiku mtaani una mkono unaoweza kuliingia.

Sasa kijani. Kinakushinda kwa sababu unakitafuta ndani ya tyubu. Kijani cha tyubu ni cha majani mabichi ya nchi yenye mvua, Limuru labda, kwenye mashamba ya chai. Mimea ya ukame imejipaka nta, au imejaa vinyweleo vidogo, ili kurudisha mwanga na kuzuia maji yasikauke. Ile nta ndiyo inayofanya kijani kiwe na ukungu wa kijivu au wa samawati. Pitisha kidole kwenye jani la mmea wa aina hiyo, taratibu, utaona alama ya kijani kilichokolea pale nta ilipoondoka. Kwa hiyo unachora tabaka mbili: kijani, na juu yake utando unaorudisha anga.

Weka kando tyubu zote za kijani kwa miezi michache. Changanya bluu ya ultramarini na manjano ya udongo. Utapata kijani kilichofifia ambacho tayari kinafanana na nyika. Ongeza siena ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu, kidogo sana kikiwa bado kikali. Kwa upande wa mmea unaotazama anga, tia nyeupe na bluu kidogo zaidi. Kwa vijiti vya mnyaa, ile yuforbia ya vijiti vyembamba inayopandwa kuwa uzio, ambavyo vina umanjano, jaribu manjano ya udongo na nyeusi kidogo. Mchanganyiko huo hutoa kijani cha zeituni ambacho watu wengi hawaamini kimetoka hapo. Vivuli usivitie nyeusi. Ardhi ya Samburu au Tsavo ni nyekundu, na jua likiipiga, wekundu huo unaruka juu na kuingia chini ya majani na matawi. Kivuli cha mmea kwenye udongo mwekundu kina joto ndani yake. Ukienda Olorgesailie, ambako tabaka za udongo wa ziwa la kale ni nyeupe, mambo yanageuka: mwanga unapanda kutoka chini na upande wa chini wa jani unaweza kung'aa kuliko unavyotarajia. Mmea ule ule, udongo tofauti, rangi tofauti. Ndiyo sababu picha iliyochorwa kutoka kwenye simu ya rafiki haitoshi, kwani kamera ya simu hupenda kusawazisha vivuli na kula habari hizo zote.

Kuna hila moja ya zamani ambayo itakusaidia haraka. Kabla ya kuanza, paka kanvasi nzima rangi nyepesi ya udongo mwekundu, iache ikauke, kisha chora juu yake ukiacha mianya. Kijivu chenye kijani kidogo tu, kikizungukwa na wekundu, jicho litakisoma kuwa kijani. Hutahitaji kuongeza nguvu. Akriliki, kumbuka, ikikauka inakolea kidogo kuliko ulivyoiona ikiwa mbichi, na kwenye joto la bondeni inakauka kabla hujamaliza kuchanganya. Beba chupa ya kupulizia maji na kitambaa chenye unyevu cha kuweka chini ya karatasi unayochanganyia rangi. Rangi za maji zinakauka haraka vivyo hivyo, lakini kwa michoro midogo ya porini bado ningezichagua hizo.

Kuhusu mwanga nitasema kifupi. Sisi tuko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa, kivuli kinakaa chini ya mmea na umbo lote linabapa. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi ndipo mbavu za yuforbia zinaposomeka, upande mmoja mwanga, mwingine giza. Jioni ni fupi. Jua likishazama una kama dakika 20 tu. Hata hivyo usiukimbie mchana. Saa sita ndiyo saa ambayo mimea hii iliumbwa kuikabili, na mchoraji anayeonyesha mchana mkali wenyewe, rangi zikiwa zimechujuka, vivuli vikiwa vifupi na vikavu, anasema ukweli kuliko yule wa machweo.

Umeuliza kama inawezekana ukiwa Nairobi. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kavu au nusu kavu. Jiji letu limekaa ukingoni mwa nchi hiyo. Anza na Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Ndani ya uwanja wake kuna bustani ya mimea, na sehemu yake moja ni ya mimea ya ukame. Nenda asubuhi na kiti kidogo na daftari, kaa mbele ya mmea mmoja. Hapo hapo uwanjani kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950. Ina takriban sampuli milioni moja. Andika barua ya kuomba kuiona, ueleze kwamba wewe ni mchoraji. Soma vibandiko vya wakusanyaji: mahali, mwinuko, aina ya udongo, rangi ya ua, tarehe. Rangi ya ua inaandikwa kwa sababu ikishakaushwa inapotea. Jifunze kuandika hivyo hivyo pembeni ya michoro yako.

Hapo utagundua kitu kitakachokupa moyo. Mimea minene ndiyo inayosumbua kuliko yote kukausha. Ukibana tawi la yuforbia kwenye karatasi linaoza, au linakauka likiwa limepoteza mbavu, unene na rangi, yaani yote yaliyolifanya liwe lenyewe. Kwa mimea hii mchoro ni ushahidi ambao sampuli haiwezi kuutoa. Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya Nairobi na kujikita katika mimea minene, alikuwa mwenyewe akiichora. Mkewe wa miaka ile, Joy, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Joy Adamson kwa sababu ya simba, alianza kama mchoraji wa mimea ya Kenya na mwaka 1947 alipewa medali ya dhahabu ya Grenfell na chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza. Kazi zake zimehifadhiwa na Makumbusho yetu. Tazama jinsi alivyoshughulika na kikonyo na sehemu ya ua kuungana na tawi. Hapo alikuwa makini sana. Usichukue kwake ile karatasi nyeupe tupu nyuma ya mmea. Yeye alikuwa anahudumia sayansi. Wewe unahitaji jiwe, vumbi na mbuzi.

Usidharau pia wauza miche wa kando ya barabara, kule Ngong Road na Kiambu Road. Wana mishubiri, wana yuforbia ndogo za miiba zenye asili ya Madagaska, wana waridi la jangwa kwenye mikebe. Nunua moja, uliweke dirishani Umoja, ulinyime maji kiasi na ulione likipukutisha majani. Ila ujue kwamba mawaridi mengi ya kuuzwa yamepandikizwa na yamezalishwa kwa ajili ya maua makubwa, mara nyingi yenye petali maradufu. Tabia ya mmea utaisoma humo. Umbo la mwituni kalitafute kwingine.

Na huko kwingine si mbali. Panda gari mpaka Kiserian, kisha lingine linaloteremka Magadi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Magadi iko karibu mita 600. Katika kilomita zaidi ya 100 kidogo unashuka mita elfu moja na joto linapanda kwa kila kona ya barabara. Ukitazama dirishani utaiona mimea ikibadilisha mbinu: majani yanapungua, magome yanaanza kung'aa na kubanduka, miiba inaongezeka, mishubiri inatokea kati ya mawe. Safari hiyo peke yake ni somo. Olorgesailie iko kama kilomita 70 kutoka mjini, unaweza kwenda na kurudi siku moja. Beba maji mengi, kofia, na usiende peke yako. Ukimkuta mchungaji wa Kimaasai, msalimie, kaa, muulize kila mmea unaochora ni wa nini. Atakuambia upi mbuzi wanakimbilia na upi wanaukwepa, upi ni dawa, upi unawaka haraka. Majibu hayo yataingia kwenye mstari wako, niamini, hata kama hutaandika neno lolote kwenye picha.

Wachoraji wengine duniani wamepita njia hii, na wawili wanafaa kwako. Georgia O'Keeffe, Mmarekani, alianza kwenda New Mexico kuchora mwaka 1929 na mwisho akahamia huko. Alichora ua la mnanaha likijaza kanvasi nzima, yaani jamaa wa mnanaha huu huu unaoota kwenye majalala na kando ya barabara za Nairobi bila mtu kuutazama. Mojawapo ya picha hizo, ya mwaka 1932, iliuzwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 44. Bei tuiache, jifunze ukubwa. Alikataa mtazamaji apite bila kusimama. Lakini ukianza kuweka mafuvu ya ng'ombe angani kwa sababu yeye alifanya hivyo, utakuwa umebadilisha kadi ya posta ya Kenya kwa kadi ya posta ya New Mexico.

Wa pili ninampenda zaidi. Emily Kame Kngwarreye alikuwa mama wa jamii ya asili ya Australia, kutoka Utopia, katikati ya nchi hiyo kavu. Alizaliwa takriban mwaka 1910 na alianza kupaka akriliki kwenye kanvasi akikaribia miaka 80. Mwaka 1995 alichora picha yenye urefu wa karibu mita 8 na kimo cha karibu mita 3, mistari myeupe mitupu juu ya weusi. Mistari hiyo ni ya kiazi cha porini: mizizi inayotambaa chini ya ardhi na nyufa zinazotokea juu kiazi kinapokomaa. Hakuna jani, hakuna ua, hakuna machweo. Alichora ile sehemu ya mmea ambayo maisha ya watu wake yaliitegemea, na ilikuwa chini ya ardhi. Ukifuata maji kwa uaminifu, nawe utafika ardhini. Mizizi ya mgunga inashuka mbali kuliko kimo cha mti wenyewe. Ni picha gani hiyo, nusu yake ya juu mti na nusu ya chini, iliyo kubwa zaidi, mizizi? Sikuambii uichore hivyo. Nakuambia swali liko.

Niongeze onyo la ukweli kuhusu dungusi kakati, maana linaonekana kwenye picha nyingi zinazouzwa mjini. Jamii ya dungusi ni ya Amerika. Spishi moja tu ndiyo ya asili ya Afrika, nayo inaning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu. Mimea yetu mirefu yenye miiba inayofanana nayo ni yuforbia: ikate kidogo, utomvu mweupe unatoka. Ukiliweka dungusi lenye mikono ya Arizona nyuma ya Msamburu, umedanganya. Lakini dungusi lililopo Kenya kweli, lile bapa lenye matunda mekundu, limevamia Laikipia. Tembo na nyani wanakula matunda na kusambaza mbegu, na miiba yake inawaumiza mifugo midomo na matumbo. Kulipunguza, walitolewa wadudu wadogo wanaolifyonza, wa ukoo mmoja na wale ambao Mexico na Peru kwa karne nyingi wamekuwa wakipondwa kutoa rangi nyekundu ya karmini. Ukimponda mmoja kidoleni utaona wekundu huo. Usiutumie kwenye kazi ya kuuza, kwani unafifia kwenye mwanga. Ila mchoraji anayejua kwamba ndani ya mmea ulioharibu malisho kuna wekundu wa namna hiyo ana jambo la kuchora.

Mti wa mathenge ni hivyo hivyo. Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa lisienee, na leo umefunga malisho na njia za maji huko na Turkana. Maganda yake matamu yameozesha meno ya mbuzi. Ukisafiri kiangazi maeneo yale, kijani kibichi kuliko vyote unachokiona mara nyingi ni mathenge. Kwa mgeni ni faraja. Kwa mfugaji ni hasara. Hapo, na hapo tu, ningekuruhusu ufungue ile tyubu ya kijani.

Mwisho ni mambo ya usalama na sheria. Usichimbue mmea wa mwituni kuuleta nyumbani. Mishubiri ya porini ililindwa kwa marufuku ya serikali mwaka 1986 na kanuni zilizofuata, na mishubiri pamoja na yuforbia nene zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe. Ndani ya mbuga, omba kibali kabla ya kutandika vifaa. Na utomvu wa mnyaa na yuforbia ni hatari hasa kwa macho; unaweza kumpofusha mtu kwa muda na kumpa maumivu makali. Usivunje tawi ili uone ndani. Likivunjika, kaa mbali na upepo unaotoka upande wake. Ukiingiwa, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ukimaliza kuchora nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso, na ile tabia ya wachoraji wa rangi za maji ya kuchonga ncha ya brashi kwa midomo, iache nyumbani.